Maji Iko Mbele

Mke wangu alinipa siku saba. Nilijaribu kumvuta hadi tisa, kwa hoja kwamba siku ya kufika na siku ya kuondoka ni za basi, si zangu. Akaniambia hesabu za sokoni niziache sokoni. Basi zikabaki saba: afike Jumapili, aondoke Jumamosi. Ukihesabu kwa haki zilikuwa tano. Nilihesabu tena, zikawa tano.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mwaka 2013. Yeye alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi nje kidogo ya Kitale. Mimi nilikuwa na mwaka wa pili Lodwar nikiuza vipuri vya baiskeli, na mara mbili kwa mwezi nilivipeleka Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, ambako baiskeli hubeba watu na mizigo kutwa nzima na spoku hazikai. Tulikuwa mke na mume wa likizo. Watoto wetu wawili walikuwa wameanza kunisalimia kwa adabu nyingi, na mtoto wako akikusalimia hivyo, ujue mambo yameharibika.

Fomu ya uhamisho ilikuwa tayari. Shule moja ya Lodwar ilimhitaji, na mwalimu mkuu wake wa Kitale alikuwa amekubali kumwachilia. Ilibaki sahihi yake tu, kabla ya shule kufunguliwa. Asipotia sahihi, nafasi ingepewa mtu mwingine, nasi tungeendelea kuonana mara tatu kwa mwaka hadi mmoja wetu achoke. Nilijua ni nani angechoka kwanza.

"Jua siliogopi," aliniambia siku aliyofika, bado ana vumbi la safari kwenye nyusi. "Vumbi nalo silijali. Nataka kujua kitu kimoja. Huku mtu anatembea wapi?"

"Anatembea akienda wapi?"

"Hapo ndipo hunielewi, Baba Watoto."

Nilimwelewa, ila nilikuwa natafuta muda. Kwao, kila jioni baada ya kusahihisha madaftari, mke wangu hutembea. Hatumwi na mtu, haendi dukani, habebi chochote. Anafuata ua wa shule, anapita mashamba ya mahindi mpaka kwenye daraja, anasimama kidogo, anarudi. Amefanya hivyo tangu kabla hajanijua. Anasema asipotembea, makosa ya wanafunzi humbaki kichwani na usiku anayasahihisha usingizini. Mimi ni shahidi, maana nimewahi kuamshwa na ngeli.

"Ukikaa mahali pasipo na pa kutembea," akasema, "umefungwa, hata kama ufunguo unao mfukoni. Nionyeshe njia moja tu. Moja. Ukiipata, natia sahihi. Ukikosa, usininung'unikie."

Katika biashara, mteja akikutajia sharti moja, huwa amekwisha kununua. Nilifurahi mapema.

Jumatatu nilimpeleka mtoni. Mathenge, ule mti wa miiba ulioenea kila mahali huku kama deni la serikali, ulimtoboa kandambili ya kushoto kabla hatujayaona maji. Jumanne tulijaribu barabara ya kutoka mjini. Hiyo haina miiba, ina pikipiki. Kila moja ilisimama.

"Mama, twende!"

"Siendi popote."

"Popote ni shilingi ngapi? Panda tu."

Walisimama kumi na wanne. Nilihesabu tukienda na nikahesabu tukirudi, na wawili kati yao walikuwa walewale, wamerudi kuuliza kama amebadilisha nia. Lodwar hakuna aliyeamini kwamba mtu mzima anaweza kutembea juani bila kuwa na shida. Mmoja alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya huruma kama mama amefiwa.

Jumatano mke wangu hakuvaa viatu. Alikaa mlangoni na kitabu. Nikajisikia nikisema, "Kuna ziwa."

Nilikuwa nimekwenda Kalokol mara nyingi kuuza tyubu na solusheni ya viraka, na sikuwahi hata siku moja kuliangalia ziwa. Niliangalia tairi. Lakini wateja wangu wa kule walikuwa wakisema kwamba ukingoni mchanga ni mgumu, baiskeli hupita kama juu ya lami, na kwamba kuna njia inayofuata maji kuelekea upande wa Longech, wanakotoka wavuvi. Nilikuwa nikiwasikiliza kama mtu anayengoja kulipwa.

"Ziwa lina njia?" akauliza.

"Lina njia."

"Umeiona?"

"Nimeuziwa habari zake na watu wengi."

Alifunga kitabu, na kwa siku ile hilo lilinitosha.

Baiskeli moja nilikuwa nayo, ile nyeusi nzito. Ya kike, isiyo na mtaimbo katikati, Lodwar nzima haikuwepo. Alhamisi alfajiri nikaenda Kakuma, kwa mfanyabiashara mmoja kutoka Sudan Kusini ambaye tulikuwa tukiuziana na kulalamikiana kwa mwaka mzima. Alikuwa nayo moja, ya kijani, inaning'inia darini pamoja na masufuria.

"Hiyo ni ya nani, ya akhui, ndugu yangu?"

"Ya mtu ataleta pesa."

"Ameileta?"

"Wewe umeileta?"

Tukaanza. Nilimwonyesha kutu, akasema ni rangi. Nilimwonyesha kwamba kengele hailii, akasema baiskeli ya mwanamke mwenye heshima haipigi kelele. Mwishowe, kwa uchovu, nikafanya kosa ambalo hakuna mfanyabiashara anayepaswa kulifanya: nikamwambia ukweli. Nikamweleza habari za mke, njia na sahihi. Bei haikushuka hata kidogo, bali ilisimama wima kama askari.

"Sasa najua lazima ununue," akasema. "Lakini nakupa pampu, bure. Na bibi akikataa, baiskeli lete. Nachukua kwa nusu."

"Nusu!"

"Mke akirudi kwao, we utafanya nini na baiskeli ya kijani?" Akaishusha mwenyewe, akaipangusa kwa shati lake. "Mimi ziwa sijaona. Kutoka kambini lazima karatasi, na karatasi lazima sababu. Nikisema nataka kutembea tu, huyo wa ofisini atacheka mpaka jioni."

Ndivyo siku nzima ya tano ilivyokwenda. Mke wangu alikaa peke yake Lodwar, na niliporudi alinikumbusha kwamba nilikuwa nimelilia siku tisa, na kati ya hizo tano nimekwisha kupoteza moja sokoni.

Ijumaa tulipanda pikapu ya samaki iliyokuwa ikirudi Kalokol tupu, baiskeli zimelazwa nyuma. Nilibeba chupa sita za maji, viraka kumi na viwili, pampu, na mkate. Kufika ukingoni ilikuwa saa tatu asubuhi na upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani kwa nguvu, ule upepo wa asubuhi unaokupapasa mifuko yote. Yeye alifunga leso kichwani, akaifunga mara ya pili, akapanda baiskeli ya kijani.

Lazima niseme kweli: ilikuwa njia. Kushoto kulikuwa na mikoma imeinama na vichaka vya mathenge, kulia lile ziwa lenye rangi isiyokubali kutajwa, na katikati ukanda wa mchanga ulioloa na kukauka mpaka ukawa mgumu. Kulikuwa na nyayo za mbuzi, mkokoto wa mtumbwi, na mstari mmoja wa tairi la mtu aliyetangulia. Mke wangu alikuwa mbele. Mabega yake yalishuka. Mabega hayo nimeyaona miaka kumi na moja na nayajua yakishuka.

Tulipata pancha mbili, zote kwangu. Ya pili ilitulazimisha kuingia nyuma ya vichaka kujificha upepo, na pale ndipo njia ilipoliacha ziwa na kupita vichakani kidogo, hatulioni tena. Nilikuwa nimepiga magoti nikisugua tyubu, ndipo mwanamke mmoja akatokea mbele yetu kwa miguu, akitoka tunakokwenda, karai la samaki wakavu kichwani.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok." Akasimama bila kulishika karai. Akatazama baiskeli, akamtazama mke wangu, akatazama tyubu. "Mnaenda?"

"Tunaenda mbele huko, mama. Njia ni nzuri?"

"Njia iko," akasema. "Maji iko."

"Maji iko?"

"Maji iko mbele. Mingi." Akashusha kiganja mpaka usawa wa goti, akakishikilia hapo ili nisikosee.

Wewe ukiishi Lodwar mwaka mmoja tu, utajua furaha niliyoipata. Huku mtu hasemi habari ya asubuhi, husema maji iko? Ukiambiwa iko, unaenda kazini na moyo mweupe. Mimi nikaona kiganja kile pale gotini, nikaona jerikani. Jerikani nyingi, zimepangwa kwenye banda, labda na soda. Chupa zetu zilikuwa zimebaki tatu, na nikajiona bahili. Mbili nikampa yule mama, maana alikuwa na safari ndefu hadi barabarani. Ya tatu nikamwambia mke wangu anawe uso.

"Una uhakika?" akauliza.

"Maji iko mbele."

"Yapo mbele."

"Yapo, Mwalimu. Yapo."

Akanawa uso na shingo, akacheka kwa ubaridi wake, na yaliyobaki akayamimina kichwani kama mtoto. Mimi nilimtazama mama wa samaki akienda zake. Nilihesabu samaki waliokuwa wamechungulia ukingoni mwa karai: kumi na mmoja. Nikahesabu tena, kumi na mmoja. Na mtu huyu anayehesabu kila kitu mara mbili hakuona kwamba sketi ya mama yule, kuanzia magotini kwenda chini, ilikuwa inachuruzika.

Tulipanda, tukapiga kona, tukatoka vichakani, na njia ikaingia ziwani.

Ziwa halikuwa pembeni tena. Mstari ule wa tairi la mtu aliyetangulia ulishuka taratibu ndani ya maji, ukaonekana kwa hatua tatu nne chini yake, kisha ukapotea. Mbele kote kulikuwa na maji ya kahawia yanayosukumwa na upepo, na mbali sana, upande wa pili, mchanga ulianza tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mke wangu alishuka kwenye baiskeli. Alitazama maji, akanitazama mimi, akaweka kiganja usawa wa goti lake.

"Angesema yamo njiani," akasema polepole, kwa sauti yake ya darasani. "Po, ko, mo. Nimefundisha po, ko, mo miaka kumi na miwili na watoto wananiuliza, mwalimu, ina faida gani. Hii hapa faida yake."

"Angesema maji yako mbele, ningedhani ni yangu."

Nilisema hivyo kwa kujitetea tu. Akageuka kunitazama, mdomo ukaanza kutetemeka, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa mchangani. Kisha akajipangusa macho, akasema, "Kwa hiyo hapa ndipo inapoishia."

Nilianza kupiga bei. Nikasema tungeweza kurudi nyuma, tukatembea kile kipande cha kwanza, kilikuwa kizuri, si kilikuwa kizuri? Akasema kilikuwa kizuri, lakini kimevunjika katikati, na yeye hataki kuhamia mahali kwa sababu ya nusu njia. Nikasema tuvuke. Akauliza kama kuna mamba. Nikasema sidhani. Akasema hata haya maji nilidhani ni ya kunywa. Nikaona sahihi yake ikishuka ndani ya ziwa pamoja na mstari wa tairi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara sikuwa na bei nyingine ya kutaja. Nikakaa karibu naye. Kulikuwa na jua, kiu, na chupa nne tupu, ambazo sikuwa na haja ya kuzihesabu tena.

Sijui tulikaa muda gani. Tulisikia kicheko nyuma yetu kabla ya kuona mtu. Alikuwa yule mama, karai sasa limetiwa kwapani, tupu, maana mnunuzi alimkuta njiani, chupa yetu moja mkononi imebaki nusu.

"Si nilisema maji iko?"

"Ulisema, mama," mke wangu akajibu.

"Huyu mzee wako akafurahi!" Akamwonyesha jinsi nilivyofurahi, kwa uso mzima na mikono. Ilifanana sana. "Nikasema, huyu anapenda kuoga. Ananipa maji ya kunywa, anakimbia ya kuoga!"

Walicheka wote wawili juu yangu kwa muda ambao niliona umezidi. Kisha akatupatia ile nusu chupa, tukagawana, na mke wangu akamuuliza kama kuna mamba.

"Mamba iko upande ile."

"Upande ule ni wapi?"

"Ile." Alionyesha kwa midomo, upande ambao kwa bahati nzuri haukuwa wetu. "Hapa watoto wanapita. Lakini mbona mnapita sasa? Kaa. Asubuhi upepo inasukuma maji, inaleta juu ya njia. Upepo ikilala, maji inarudi nyumbani."

"Kila siku?"

"Siku mingi. Siku ingine upepo inakataa kulala."

Nilimtazama mke wangu nikingoja asahihishe. Hakusahihisha. Alikuwa amelitazama ziwa.

Tukakaa. Yule mama alikaa juu ya karai lake lililogeuzwa juu chini, akala mkate wetu bila haraka, akamuuliza mke wangu habari za watoto, wangapi, wako na nani, mbona wako mbali na baba yao. Hilo la mwisho mke wangu alilijibu kwa kumkatia kipande kingine cha mkate. Saa tano ikapita. Leso iliyokuwa ikipigapiga shingoni mwa mke wangu ikaanza kupumzika, ikapiga mara moja moja, kisha ikalala mgongoni. Mimi sikuona maji yakitembea. Niliona tu kwamba kijiti kilichokuwa ndani kilikuwa nje. Kisha mchanga ukatokea, mweusi na laini, kama ubao uliofutwa kwa kitambaa kibichi, na juu yake haukuwa na alama ya mtu yeyote, wala mbuzi wala tairi.

Mke wangu alivua viatu. Hakuchukua baiskeli. Hakuniita. Akaanza kutembea.

Alitembea kama anavyotembea kwao, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, bila kwenda popote. Maji yalikuwa bado yanajirudisha kulia kwake, na mara moja moja wimbi dogo lilimfikia vidole, asilijali. Hakuna pikipiki iliyosimama. Alipungua, akawa mdogo, akawa leso tu. Nilianza kuhesabu hatua zake, nikafika mia mbili na kitu, nikapoteza hesabu, na sikurudi kuanza upya.

"Anaenda wapi?" mama akaniuliza.

"Haendi mahali. Anatembea tu."

Akafikiri. Nikajiandaa kwa huruma, au kuulizwa nani amekufa.

"Sawa," akasema. "Mchanga ni mzuri."

Alirudi baada ya muda mrefu, pindo la sketi limelowa kuanzia magotini kwenda chini. Alifuata nyayo zake mwenyewe, akikanyaga pembeni yake kwa uangalifu, hivi kwamba njia ilikuwa na mistari miwili, wa kwenda na wa kurudi. Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno, yalikuwa mazuri, na hata leo sikumbuki hata moja, kwa sababu alinipita akaenda moja kwa moja kwa yule mama.

"Mama, kesho upepo utalala saa ngapi?"

"Saa tano. Saa sita. Ikikataa, unangoja."

"Nitangoja."

Kesho ilikuwa Jumamosi. Basi lake la Kitale lilikuwa linaondoka asubuhi, saa ile ambayo upepo ungekuwa bado unasukuma maji juu ya njia. Yeye alilijua hilo, na alijua kwamba ninalijua. Alikuwa ameinama anapangusa mchanga kwenye nyayo kwa ncha ya leso, mguu mmoja, kisha wa pili, na hakuniangalia.

"Basi likikuacha, itakuwa siku ya nane, Mwalimu," nikasema, kwa sauti niliyotaka iwe ya kawaida.

"Usianze kuhesabu," akasema. "Nipe viatu."

Nikampa. Kisha nikachuchumaa nikajifanya naangalia mnyororo wa baiskeli, na niliuangalia kwa muda mrefu, pingili moja baada ya nyingine, huku nikisikia nyuma yangu mama wa samaki akimwonyesha, kwa mara nyingine, jinsi mzee wake alivyofurahi.